Chaki Iliyofutwa Kwenye Boila ya Shun Hei

Pang Siu-wo alikuwa mtu mdogo wa umbo, mabega kama ya msichana, na umbo hilo ndilo lililomlisha. Tundu la kuingilia kwenye boila, lile tangi la chuma linalochemsha maji ya mvuke katika boti ya moshi, halizidi upana wa sinia la wali. Mwenye kitambi hapiti. Siu-wo alikuwa akitanguliza mkono mmoja na kichwa, anatoa pumzi yote kifuani, anajivuta, na miguu yake inapotea kama mkia wa kenge kwenye mwamba. Humo ndani, kwa mshumaa na nyundo ndogo, alikuwa akigonga bamba la chuma moja baada ya jingine huku akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilicholiwa na kutu hujibu kama chungu chenye ufa. Akisikia ufa, anatia duara la chaki, na boti hiyo haipati cheti mpaka bamba libadilishwe.

Mimi nilikuwa karani wa kunakili katika ofisi ya wakaguzi wa meli, hapa bandarini Hong Kong. Jina langu ni Szeto. Sijawahi kuingia ndani ya boila hata siku moja. Nilichokijua mimi ni barua.

Kwa sheria, aliyetakiwa kuingia boilani ni mkaguzi mwenyewe. Kwenye karatasi tulikuwa na wakaguzi wawili. Kwa kweli tulikuwa na mmoja, maana siku zote kama huyu yuko kazini, yule yuko likizo kwao Uingereza, au yuko hospitali anatetemeka kwa homa. Boti za moshi zilizohitaji cheti kila mwaka zilizidi mia tatu, acha meli kubwa. Mwaka ule, 1923, aliyebaki alikuwa Bwana Moncur, Mskoti mrefu mwenye mwili wa pipa. Tunduni asingepita hata ungempaka mafuta ya nguruwe. Basi yeye alikuwa akikaa sitahani, anapima vali, anahesabu maboya ya kuokolea watu, halafu anainama na kuuliza:

"Ah Wo! Nzima?"

Na sauti inatoka tumboni mwa chuma: "Nzima, Bwana!"

Anatia sahihi, anavuka kwenda boti ya pili.

Bwana Moncur hakuwa mtu mbaya. Miaka sita mfululizo niliinakili barua yake ile ile ya kuomba mkaguzi wa tatu, na miaka sita mfululizo nilifungua jibu lile lile. Ada za ukaguzi, lilisema, hazitoshi hata kulipia mishahara, nyumba na nauli za likizo za hao wawili waliopo. Wa tatu atalipwa na nani? Wenye boti wakiongezewa ada watapiga kelele. Jipangeni vizuri zaidi.

Na huyo Siu-wo, ambaye masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakikagua boti zote hizo, hakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Alilipwa kutoka fungu la vifaa. Mimi ndiye niliyemwandika humo kila mwezi, kati ya matambara na sabuni.

Siku tatu kabla ya siku ya kusafisha makaburi, boti kumi na saba zilikuwa zimepangwa kukaguliwa kabla ya jua kuzama. Nusu ya mji ilikuwa ikijiandaa kuvuka maji na nguruwe wao wa kuchoma na fagio zao kwenda kwenye makaburi ya wazee wao, na kila mwenye boti alitaka cheti. Shun Hei ilikuwa ya kumi na nne. Fundi mitambo wake alikuwa Ho Tin-yau, kaka wa Sau-king, mke wa Siu-wo. Mtu wa mzaha, mwembamba, sigara haimtoki mdomoni. Yaliyosemwa pale sikuyasikia mwenyewe. Siu-wo alinisimulia miaka mingi baadaye, na nayaweka mahali pake.

Alipochomoza tunduni, uso mweusi kwa masizi, Tin-yau alikuwa amechuchumaa akimngoja.

"Shemeji, umetoka? Nilidhani umeshaoa mke wa pili humo ndani."

"Tin-yau, bamba la chini kushoto, hili la karibu na tundu. Nimetia chaki."

"Chaki ya nini tena?"

"Linalia vibaya."

"Linalia vibaya! Hata mimi ukinigonga saa hizi nalia vibaya, sijala tangu alfajiri. Huo ni ukoko wa chumvi, shemeji. Sijaukwangua vizuri, basi."

"Huenda ni ukoko. Huenda si ukoko."

"Leo umegonga boti ngapi?"

"Hii ya kumi na nne."

"Na masikio hayajachoka? Sikiliza, ndugu yangu. Boti hii ikizuiwa itakaa karakana wiki mbili. Watu wameshalipia nafasi. Mwenye boti atanifukuza, na nikifukuzwa nitahamia kwako, na unajua ninavyokoroma."

Siu-wo alicheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka. Tin-yau akalowesha kitambaa, akaingiza mkono na bega tunduni, akasugua. Alipoutoa mkono, kiwiko cha shati kilikuwa cheupe.

"Tazama. Hakuna kitu."

Wakati huo huo Bwana Moncur, mguu mmoja umeshakanyaga boti ya kumi na tano, aliita: "Ah Wo! Nzima?"

Siu-wo akamtazama shemeji yake. Tin-yau akamkonyeza.

"Nzima, Bwana."

Siku ya makaburi sisi wa serikali tulikuwa kazini. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa mezani, Bwana Moncur anakunywa chai yake. Vioo vya madirisha vilitikisika, kikombe kikaruka kwenye kisahani. Bwana Moncur alisimama akaenda dirishani, na nikaiona shingo yake ikibadilika rangi kutoka nyekundu mpaka kijivu.

Siu-wo alikuwa Yaumati, ng'ambo ya maji, ndani ya boila ya boti nyingine. Anasema hakuusikia mlipuko kama watu wengine walivyousikia. Uliingia kupitia chuma. Mabamba yote yaliyomzunguka yalilia kwa pamoja, na mshumaa ukazimika. Akakaa gizani huku chuma kikimlilia masikioni, na kabla hajaambiwa na mtu yeyote, akajua ni boti gani.

Kwenye Shun Hei walikufa watu ishirini na watatu. Wengine walikuwa familia nzima, bibi na wajukuu, na fagio za makaburi zilielea siku mbili kwenye ukuta wa bandari. Tin-yau alipatikana siku ya tatu. Siu-wo ndiye aliyemtambua.

Uchunguzi ulifanyika wiki iliyofuata, nami nilikaa pembeni na faili. Jaji alimuuliza Bwana Moncur, "Ulikagua boila hii kwa macho yako mwenyewe?"

Bwana Moncur akajibu: "Nilikagua."

Mlango ulikuwa wazi kwa joto. Nje nilimwona Siu-wo, kavaa koti lake safi la sikukuu, nywele kazilowesha maji. Tarishi wa mlangoni akamzuia.

"Umeitwa?"

"Sijaitwa. Lakini nina la kusema."

"Jina lako limo kwenye orodha ya mashahidi?"

"Halimo."

"Basi una la kusema kwa mkeo, mzee. Hapa husemi mpaka uitwe."

Siu-wo aliangaza macho chumbani akaniona. Nilikuwa mita tano kutoka kwake. Ningenyanyuka na kusema neno moja tu, kwamba huyu ndiye aliyeingia. Niliinamisha macho kwenye wino wangu. Nilipoyainua, mlango ulikuwa mtupu.

Mchana ule alikuja ofisini, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Moncur, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya.

"Bwana, siku ile mimi nilisikia."

Bwana Moncur aliinua mkono haraka kama mtu anayezuia gari. "Usiniambie, Ah Wo."

"Bamba la chini kus—"

"Usiniambie! Ukiniambia itanibidi niandike. Nikiandika, nimeapa uongo mbele ya jaji, na wewe utafungwa pamoja nami. Nenda nyumbani."

Uamuzi ulisema boila ilikuwa na kasoro iliyojificha isiyoweza kuonekana, na kwamba mkaguzi alibebeshwa kazi ya watu watatu. Barua niliyoinakili miaka sita ilijibiwa ndani ya siku kumi na moja. Mkaguzi wa tatu, ndiyo. Ada ipandishwe, ndiyo. Na msaidizi mmoja mwenyeji wa kugonga boila, kazi ya kudumu, kofia, sare mbili kwa mwaka na pensheni. Bwana Moncur akaniambia nijaze jina. Nikajaza.

Siu-wo alipoletewa karatasi alisimama mbele ya meza yangu bila kuishika.

"Karani, futa."

"Siwezi. Imeshapigwa mhuri."

"Watu ishirini na watatu wamekufa ili mimi nipewe kofia?"

"Siu-wo, usikatae riziki. Ukikataa watauliza kwa nini."

"Waulize! Mimi nataka waulize!"

Lakini jioni alirudi akaichukua. Mke wake alikuwa ameshapata habari kwa majirani. Sau-king alikuwa bado amevaa kitambaa cha msiba nyweleni, na alilia akimshika mumewe mikono. "Unaona? Kaka yangu ametuombea huko aliko. Hakutuacha mikono mitupu."

Siku ya kwanza aliyoingia boilani na kofia ya serikali mfukoni, aligonga bamba mara moja, nalo likajibu mara mbili.

Alidhani ni fundi wa boti anafanya mzaha nje. Akatoa kichwa: hakuna mtu. Akarudi ndani, akagonga tena. Mlio wake, halafu kimya kifupi, halafu kutoka upande wa pili wa chuma, chini kushoto, kama mgongo wa kidole ukigonga: ko. Boti ile ilikuwa mpya, boila ndiyo kwanza imetoka kiwandani. Alitia chaki mabamba yote manne ya chini na kutoka akiwa amelowa jasho.

Kuanzia hapo haikumwacha. Haikuwa kila boila. Zingepita tano, sita, akaanza kujiambia imekwisha, halafu ya saba ikamjibu. Alikwenda hekalu la Tin Hau, mama wa bahari, akanunua karatasi nyekundu ya kinga akaishona ndani ya kofia. Alimwendea mganga wa mizimu kule Wanchai, mwanamke aliyejulikana kwa kulala usingizi wa mizimu na kuzungumza kwa sauti ya wafu. Yule mwanamke hakusema kitu. Aliamka, akamrudishia pesa yake na kumwambia asirudi tena.

Wenye boti walianza kumwita Bwana Hapana. Walijipanga kwenye meza yangu na malalamiko.

"Karani, huyu mtu wenu ana wazimu? Ada mmepandisha, sawa, tumelipa. Sasa tunalipa ili tukataliwe?"

"Boti yangu ina mwaka mmoja! Mke wangu ana ufa kuliko ile boila!"

Bwana Moncur hakumkemea hata mara moja. Kila chaki ya Siu-wo aliiandikia "ikarabatiwe" bila kuuliza. Alianza kunywa saa za kazi. Mwaka uliofuata aliondoka kwa likizo na hakurudi. Tulisikia amestaafu, basi. Kabla ya kupanda meli alimpa Siu-wo mkono, mbele yetu sote, na Mzungu kumpa kibarua mkono wakati ule lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima.

Katika mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, watu wanapowalisha wafu wenye njaa wasio na makaburi, Siu-wo alimkuta mjane wa Tin-yau kwenye ukuta wa bandari. Jina lake Yuet-ho. Ilikuwa alasiri, jua kali. Alikuwa amewasha moto ndani ya debe na kutumbukiza nguo za karatasi: mashati, suruali, viatu. Siu-wo akachuchumaa kando yake akawa anampa karatasi moja moja. Halafu akayatoa yote, chaki, kitambaa, kicheko, mpaka neno "nzima".

Yuet-ho hakuacha kazi ya mikono.

"Najua, shemeji," alisema.

"Unajua nini?"

"Alikuja kula jioni ile anacheka. 'Mume wa dada ana masikio ya popo,' akasema, 'kanitia chaki nikamfutia.' Kiwiko kilikuwa cheupe. Mimi ndiye niliyelifua lile shati."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye boti aliwapa wajane wa mabaharia pesa ya jeneza na mchele wa mwaka. Ningesema fundi ndiye aliyefuta, ningepewa mchele au ningepigwa mawe? Wale waliopoteza watoto wanaishi mtaa mmoja na mimi. Kila asubuhi nachota maji nao bombani."

Siu-wo alibaki na shati la karatasi mkononi.

"Nilidhani nikisema nitapumua," akamwambia.

"Umeshasema. Unapumua?" Akamnyang'anya lile shati akalitia motoni. "Sasa nisikilize. Mkeo asijue. Kaka yake ndiye mtu pekee anayemsifu duniani, anamwekea chai kila asubuhi mbele ya picha. Ukimwambia, utamuua kaka yake mara ya pili. Niahidi."

Akaahidi. Tangu hapo kila sikukuu walikaa meza moja, yeye na Yuet-ho, Sau-king katikati akisimulia utoto wake na Tin-yau, na wao wawili wakitazama mabakuli yao.

Alifanya kazi ile miaka kumi na mitatu. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo hakuna boila aliyoigonga iliyopasuka, na wapo wanaosema hiyo inatosha. Yeye mwenyewe hakujua. Hakujua ipi katika chaki zake ilikuwa ya kutu na ipi ilikuwa ya hofu. Mwishowe alizuia boti mbili kubwa za kampuni moja kabla ya mwaka mpya, na mkaguzi kijana aliyekuja, mwembamba wa kupita tunduni, aliingia mwenyewe. Alikaa ndani saa nzima. Akatoka na kusema mbele ya watu kwamba yale mabamba ni mazima kama siku yalipozaliwa. Boti zikapewa vyeti, nazo zilitembea miaka mingi bila kumwagika hata kikombe cha chai. Siu-wo akahamishiwa kuhesabu maboya.

Yuet-ho alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, kwa kifua. Sau-king alimfuata kabla ya baridi kwisha. Siku arobaini na tisa za matanga ya Sau-king zilipotimia, Siu-wo alinialika nyumba ya chai kule Sheung Wan, asubuhi, wakati wazee wanapoleta ndege wao ndani ya vizimba. Masikio yake yalikuwa yamekufa karibu yote. Ilibidi nipige kelele, na meza za jirani zilitugeukia.

"Karani, wewe unajua kuandika lugha ya serikali."

"Ndiyo kazi yangu."

"Niandikie. Kama ushahidi. Jina, siku, mahali. Ninaanza."

Hapo ndipo niliposikia yote niliyoyasimulia hapa. Niliandika kurasa nne huku chai ikipoa. Masimulizi yake yalipofika kwenye mlango wa chumba cha uchunguzi, alinitazama.

"Siku ile uliniona," alisema.

"Nilikuona."

"Andika na hilo."

Nikaliandika, kwa mkono wangu, katika lugha ya serikali: karani aliyekuwepo alimwona shahidi na hakutoa taarifa. Akaweka dole gumba. Mimi nikatia sahihi chini yake.

Nilizipeleka kwa mkubwa wa ofisi wa wakati huo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa nne, akanirudishia. Uchunguzi ulifungwa zamani, alisema; jaji ameshakufa, Moncur ameshakufa. Hakuna faili la kupokea kitu kama hiki. Akaniuliza kama nimekwisha kunakili makadirio ya mishahara ya mwaka ujao.

Ofisi ilipofungwa kwa chakula cha mchana, nilikwenda ghalani, nikatoa faili la Shun Hei, nikafungua kamba, nikazipachika zile kurasa nyuma ya uamuzi wa jaji. Hazina namba. Hazimo kwenye orodha ya yaliyomo.

Siu-wo aliishi miaka mitatu zaidi, chumba kimoja juu ya duka la samaki wa chumvi. Nilikuwa nikimpitia siku za Jumamosi. Sikumuuliza kama bado anasikia kugongwa, na yeye hakuniambia. Mara moja tu, tulipokuwa tunakula uji, aliweka kijiko chini akauliza kama zile karatasi bado zipo pale nilipoziweka.

Nikapiga kelele kwamba zipo. Jumatatu nikawahi kazini kabla ya wenzangu, nikaenda ghalani kuhakikisha.